Ndugu wa Nne wa Gildas

Siku Gildas Morvan alipopanda kilima akiwa na bunduki mbili begani badala ya moja, Mathurine alijua kwamba mumewe amekufa. Hakupiga yowe. Alikuwa anageuza nyama ya nguruwe kwenye chanja, na nyama ya chanja ukiiacha upande mmoja inaungua, awe amekufa mtu au hakufa.

"Shemeji," Gildas alisema, akavua kofia. "Corentin ametutoka."

"Wahispania?"

Gildas alitazama miguu yake. "Chaza."

Mathurine alisubiri, labda angeongeza la maana zaidi. Basi ndivyo ilivyokuwa. Corentin Baudry, ambaye jina lake likitajwa mapadri wa pwani nzima ya Kuba walifukia vikombe vya altare mchangani, alikufa kwa kuharisha, kwa sababu ya chaza waliokaa juani siku mbili, tena baada ya kuambiwa asiwale.

"Na wewe uliwala?" aliuliza.

"Kidogo."

Huyo ndiye Gildas. Mabaya yote yalimpitia karibu, yakampata aliyekaa naye.

Aliketi kwenye kigoda cha marehemu, akanyoosha mguu wake mbovu, akaitazama nyumba kuanzia paa mpaka kizingiti kama mtu anayeiona mara ya kwanza. "Usiwe na wasiwasi, shemeji," alisema kwa upole. "Sitakufukuza. Utaendelea kunipikia kama kawaida."

Mathurine aliweka uma wa nyama chini, kwa kuogopa mkono wake mwenyewe.

Pale Tortuga kila mharamia alikuwa na ndugu wa mkataba. Wanaume wawili waliweka alama zao kwenye karatasi moja, na tangu siku hiyo mali yao ilikuwa moja: huyu akiugua yule anamuuguza, huyu akifa yule anarithi. Corentin na Gildas walikuwa wameweka alama zao miaka miwili kabla Mathurine hajashushwa kisiwani. Yeye aliletwa kutoka Dieppe pamoja na wanawake wengine thelathini, wakapangwa ufukoni, wanaume wakachomoa vijiti. Corentin alimpata kwa kijiti kirefu. Alipomfikisha kilimani hapakuwa na nyumba. Palikuwa na kipande cha tanga kuukuu, mbwa, na Gildas.

Nguzo alizikata Mathurine. Makuti aliyaezeka yeye, akiwa na mimba ambayo haikufika mwisho. Muhogo alipanda yeye, na kibanda cha kukaushia nyama alikijenga mara tatu, kwa kuwa mara mbili kilipeperushwa na tufani na wanaume hawakuwepo. Walikuwa baharini miezi minane kwa mwaka. Wakirudi, walimaliza siku kumi bandarini wakinywa vyote walivyopora, kisha wakapanda kilima wamevaa mashati ya hariri na miguu mitupu, wakalala, wakala, wakaondoka tena na mapipa ya nyama yake. Huko mbali watu walisema maharamia wa Tortuga wanaishi kwa hazina. Waliishi kwa nyama ya Mathurine.

Asubuhi yake alishuka ufukoni, kwenye baraza la merikebu. Kapteni Hervé Goulard, ambaye kina mama wa Kihispania walilaza watoto kwa kuwatisha na jina lake, alikuwa amefungwa kitambaa shavuni kwa ajili ya jino, akilowesha mkate wa muhogo kwenye bakuli ili usimuumize. Watu arobaini walikaa mchangani wakimzunguka.

"Karatasi inasemaje?" Kapteni aliuliza kwa pembe ya mdomo.

Serahangi Anselme, msimamizi wa mabaharia na mtu peke yake aliyejua kusoma, aliisoma. Ilisema vile ilivyosema siku zote.

"Nyumba nimeijenga mimi," Mathurine alisema. "Kuna yeyote hapa aliyewahi kumwona Corentin ameshika shoka?"

"Alilishika siku ile tulipovunja mlango wa kanisa," mmoja alisema, wenzake wakacheka.

"Kuvunja najua alijua. Nauliza kujenga."

"Mama, tunakuelewa," Kapteni alisema. "Lakini mkataba ni mkataba. Tukiuvunja wa marehemu leo, kesho wa nani?"

Hapo ndipo alipokasirika kweli. Watu hawa walimkataa mfalme wa Ufaransa, wakamcheka gavana, wakaiba mpaka kengele za kanisa. Hapakuwa na amri ya Mungu hata moja ambayo hawakuivunja, nyingine mara mbili kwa wiki. Na sasa wamevua kofia mbele ya karatasi yenye madoa ya mafuta, wametulia kama watoto wa komunyo ya kwanza. Sheria moja tu ndiyo waliyoiheshimu duniani, nayo ndiyo iliyomnyang'anya nyumba yeye.

Walipiga kura. Mikono arobaini ilikwenda juu. Kuna waliokula kwake juzi.

Alikuwa ameshawapa mgongo aliposikia serahangi akiita shauri la pili. Merikebu ilikuwa inaondoka Jumatatu, na asiye na ndugu wa mkataba hapandi. "Gildas, ndugu yako mpya ni nani?"

Gildas aliangaza huku na huku. Kila aliyemtazama aliona kitu muhimu mchangani.

"Wewe, Tugdual?"

"Mimi nina Perrot."

"Na Perrot si mligombana jana?"

"Tumepatana."

"Sasa hivi tu," Perrot alidakia.

"Kwani mimi nina ukoma?" Gildas aliuliza.

"Huna ukoma, kaka," Tugdual alisema. "Una makaburi matatu."

Ilikuwa kweli. Wa kwanza alianguka kutoka mlingotini. Wa pili alichukuliwa na papa akiwa anafua suruali. Wa tatu, chaza. Gildas mwenyewe hakuwa na kovu, na huo mguu aliuumiza kwenye ngazi za kilabu cha mvinyo.

Kapteni alikunja uso, kwa jino na kwa hasira. "Namtaka chomboni. Hakuna anayelenga kama yeye."

"Bila ndugu hapandi," serahangi alisema. "Na akifa bila ndugu, vyake ni vya merikebu nzima."

Mathurine alisimama. Nyumba yake ikiwa ya Gildas, ni maumivu. Ikiwa ya watu arobaini, ni jivu ndani ya wiki moja. Aligeuka, akarudi mpaka katikati ya duara.

"Wawili wakiwa ndugu, lazima wote wasafiri?" aliuliza.

"La," Anselme alisema. "Mmoja anaweza kubaki na shamba. Wengi hufanya hivyo."

"Mimi nimebaki na shamba miaka kumi na tisa. Niandike."

Kicheko kilipita, kikaanza kwa nguvu na kuishia kwa mashaka. Anselme aliigeuza karatasi ya kanuni za chombo, akatazama na nyuma yake. "Hakuna palipoandikwa kwamba awe mwanamume," alisema.

"Haikuandikwa kwa sababu hakuna aliyewahi kulifikiria," Kapteni alisema.

"Mama Mathurine, huogopi?" Tugdual aliuliza. "Watatu hao wamekwenda."

"Nimeishi naye nyumba moja miaka yote hiyo. Angekuwa wa kuniua, angeshaniua kwa kukoroma."

"Na mimi siulizwi?" Gildas alisema.

"Una mwingine?"

Hakuwa na mwingine.

Mikono ilipanda upesi kuliko mara ya kwanza, na Mathurine alielewa sababu, akazidi kuudhika. Hakuna aliyeona kwamba alidhulumiwa. Kila mmoja alikuwa anaiokoa shingo yake. Haki yake walimnyima wakiwa na akili timamu, kipande chake wakampa kwa kuogopa chaza.

Gildas alichora samaki. Mathurine alichora mstari mmoja uliosimama. Anselme aliuliza ni nini, akajibiwa kuwa ni nguzo.

"Nisomee pale pa mali," alimwambia.

"Kila kilicho cha mmoja ni nusu cha mwenzake, tangu siku ya alama."

"Tangu leo."

"Tangu leo, mama."

Walipanda pamoja. Kwenye kijito alichukua ndoo yake aliyoiacha asubuhi, akaiweka mbele ya Gildas.

"Mguu wangu, shemeji," Gildas alisema.

"Usiniite shemeji, mimi ni ndugu yako. Mkataba unasema mgonjwa anauguzwa. Unaumwa?"

Gildas alifikiri. Mgonjwa hasafiri Jumatatu. "Siumwi."

"Chota, basi."

Hakumsubiri. Nusu ya nyumba aliyoijenga nzima, hicho ndicho alichokipata. Alipanda kilima akipima kichwani ukuta wa kati utapita wapi, ili upande wenye jiko uwe wake.