Saa Tisa za Angani

Simu ya kaka yake ilimkuta Kitinda amesimama mbele ya pasi ya mvuke, shuka la wageni likiwa nusu limenyooka.

"Kitinda, kaa kwanza."

Hakukaa. Katika chumba kile cha kufulia cha hoteli hapakuwa na kiti.

"Mzee hatunaye. Ameondoka alfajiri hii, usingizini."

Alizima pasi. Sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea, alinong'ona. Wenzake wawili walimtazama, wakainamia kazi zao; lugha ya ugenini waliyoelewana kwayo ilitosha kuombana sabuni, haikutosha kupeana pole.

"Tunazika kesho saa nne asubuhi," kaka aliendelea. "Wewe si masaa tisa tu? Utawahi."

Ni yeye aliyewapa hesabu hiyo. Kwa miaka kumi na minne baba yake, fundi baiskeli asiyewahi kupanda ndege, alimuuliza kila Ijumaa, "Mwanangu, huko ni mbali kiasi gani?"

"Masaa tisa tu, baba. Zamu moja ya kazi."

"Kilomita elfu saba! Nikianza kukanyaga pedali leo, nitafika sina meno."

"Kwani sasa unayo mangapi?"

Mzee alikuwa akicheka mpaka kikohozi kinamshika. Kitinda hakusema uongo: saa tisa zilikuwa za angani. Ila hakuwahi kumtajia zile kumi na tatu za kungoja kwenye uwanja wa ndege wa katikati ya safari, wala kubadili ndege, wala basi la kutwa nzima. Alitaka mzee alale akijua binti yake yuko karibu.

"Kaka, siyo tisa. Ni siku moja na nusu, tena nikipata kiti leo hii."

"Siku zote ulituambia tisa."

"Najua."

"Baba aliutangazia mtaa mzima. Eti ukiitwa asubuhi, jioni uko mlangoni." Kaka akakohoa. "Basi tukungoje?"

Kitinda aliutaka uso wa baba yake kuliko kitu chochote duniani. Lakini maiti huzikwa mapema; haina ahadi na walio hai.

"Mzikeni. Msimcheleweshe kwa ajili yangu."

Saa ya maziko ilimkuta kwenye benchi la chuma la uwanja wa katikati, simu sikioni. Kaka aliiacha ya kwake wazi mfukoni. Kitinda alisikia majembe, kisha udongo, kisha sala. Aliitikia kwa midomo tu. Abiria wa pembeni alivuta begi lake, akahamia kiti cha mbali.

Alifika kesho yake adhuhuri. Kaka alimpokea mzigo, wakaenda moja kwa moja makaburini. Udongo ulikuwa bado na alama za viatu vya watu. Kitinda alipiga magoti.

"Baba, nimechelewa. Nisamehe."

Aliomba dua, kaka akaitikia amina. Walikaa mpaka jua likawachoma, kisha wakaenda nyumbani.