Redio Ndani ya Kinu

Jioni za Baraka, kabla sijajua kusoma saa, nilizijua kwa michi. Jua likianza kuinamia milima ya Fizi, mama mmoja angeanza kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, upande wa sokoni, mwingine angemjibu karibu na ziwa, na muda si muda mji mzima unadunda. Kila nyumba ilikuwa na mwendo wake. Mama yangu alitwanga kwa haraka na hasira, kana kwamba majani yale yamemtukana. Jirani yetu Mama Zaina alitwanga taratibu, akisimama kila mara kusemezana na wapita njia. Ukisikia mchi unalia, unajua nyumba ile wana cha kula leo. Hata sisi watoto tulilijua hilo bila kufundishwa, na ndiyo maana mpaka leo sielewi watu wazima wenye akili timamu, baba yangu akiwa wa kwanza, walilisahau vipi.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili vita vya pili vilipotufikia. Sitasema askari walioshika mji walikuwa wa nani, kwa sababu kwetu wote walifika na mabuti yaleyale na kuondoka na mbuzi walewale. Siku ya kwanza walivunja milango ya shule wakaifanya kuni. Walimchapa mkuu wa shule viboko mbele ya wanafunzi wake mpaka suruali ikampasukia mwilini, na sisi tukalazimishwa kuhesabu kwa sauti. Kisha wakapita nyumba kwa nyumba. Kwetu aliingia askari mmoja, akaona redio ya baba juu ya kabati, akaiwasha, akatabasamu, akaitia kwapani na kutoka. Baba, aliyekuwa mwalimu wa darasa la nne, aliomboleza siku mbili kama mtu aliyefiwa. Hakuwa akililia muziki. Redio ile ndiyo iliyomwambia mapigano yamefika wapi, na kwa hiyo ndiyo iliyomwambia lini tubebe vifurushi vyetu na kuvuka kwenda rasi ya Ubwari. Dada yake alichelewa siku moja tu kukimbia, akakutwa njiani kabla ya Mboko na watoto wake wawili. Tuliwazika katika shimo moja, kwa sababu waliochimba walikuwa wakigeuka nyuma kila baada ya jembe moja.

Basi redio ilipaswa kupatikana, na hapo nyumba yetu ikagawanyika. Baba Zaina, mume wa jirani yetu, alikuwa na mtumbwi wa mota uliovuka kwenda Kigoma, akaahidi kutuletea redio mpya ndani ya boksi lake, inayong'aa, yenye namba na mshale. Mama alimuunga mkono. Mjomba Lwaboshi, mdogo wake mama, alicheka. Yeye alikuwa fundi wa redio pale sokoni, mtu mwembamba mwenye vidole vilivyoungua, na alikuwa na gunia zima la redio zilizokufa. Alisema kumnunulia baba redio mpya ni kumnunulia askari, na kwamba yeye angejenga moja kutoka kwenye mizoga ile, mbaya ya sura, isiyotamanika hata kwa mwizi.

"Ile ya boksi bakiiona, bataichukua na kwenda zabo," mama alisema. "Hii yako bakiiona, batauliza ni kitu gani."

"Bataionea wapi, yaya? Tutaificha," mjomba akamjibu dada yake.

Baba alikuwa na tabia ya ualimu ya kumuuliza mtoto swali hata pale asipopaswa kuulizwa. Akanigeukia. "Na we, Riziki, unasema nini?" Shule ilikuwa imefungwa, na kwa majuma mengi nilikuwa nikishinda kwenye meza ya mjomba nikimshikia nyaya. Nilikuwa nimeonja utamu wa kusikia kitu kilichokufa kikikohoa na kuanza kusema. Sikufikiria askari wala Mboko. Nilifikiria mikono yangu. Nikasema tujenge, na baba akacheka kwa fahari, akasema basi tujenge. Nimeiambia nafsi yangu mara nyingi kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili haamui mambo ya nyumba. Nafsi yangu haijawahi kukubali.

Tuliijenga kwa siku nne. Mjomba hakuwa na umeme, kwa hiyo alichoma msumari mrefu kwenye makaa, akaugusisha kwenye lehemu, na moshi wake mchungu ukatushika kooni na kwenye nguo. Kipaza sauti kilitoka kwenye redio moja, sahani ya vipuri kwenye nyingine, kitufe cha kutafutia stesheni kilikuwa kifuniko cha chupa ya dawa. Mjomba alinifanya niifungue yote na kuifunga tena, mara tatu, macho yakiwa yamefumbwa. Nyumba ya redio ile ilikuwa kinu cha bibi kilichopasuka chini, ambacho hakuna aliyekuwa na moyo wa kukichanja kuni. Tuliiweka humo, tukafunika kwa ungo. Waya wa kunasa mawimbi ulikuwa kamba yetu ya chuma ya kuanikia nguo. Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kuanika betri juu ya bati, kwa sababu betri iliyochoka ikipigwa na jua hujikaza siku moja zaidi. Siku iliposema kwa mara ya kwanza, sauti ilitoka kama ya mtu aliyetumbukia kisimani, na baba akanibeba juujuu nikiwa mkubwa vile. Nilijiona fundi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tena, na inaniuma kwamba ni ile.

Tatizo lilikuwa sauti. Habari za Kiswahili zilikuja jioni, watu wakiwa wamejaa njiani, na kinu kiliikuza kila neno. Baba ndiye aliyepata hila. Mama na Mama Zaina wangeleta vinu vyao uani saa ile, watwange pande zote mbili za kinu cha bibi, na anayepita nje asikie sombe tu. Ilikwenda vizuri ajabu. Mimi nililala kifudifudi, sikio kwenye ungo, nikimrudishia baba maneno, naye akiyaandika kichwani: barabara imefungwa, daraja limevunjwa, watu wanavuka. Wakati mmoja habari zile zilitutoa mjini asubuhi, na jioni yake mabomu yakaangukia mtaa wa sokoni. Tulirudi tukakuta mguu wa mtu kwenye mfereji wetu, umevaa kiatu bado. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuibeza redio ya mjomba, hata mama.

Lakini njaa iliingia. Mashamba ya muhogo ya upande wa Mboko hayakufikika tena, maana aliyekwenda kuchuma alirudi amebebwa. Majani yakaisha, unga ukaisha. Michi ya Baraka ilinyamaza nyumba moja baada ya nyingine, hadi ikabaki miwili tu mji mzima, ya kwetu, saa ileile kila jioni. Mama na Mama Zaina walitwanga maganda makavu ya ndizi, na yalipoisha wakatwanga vinu vitupu. Tulikuwa tukiificha redio, na kumbe tulikuwa tukiutangazia mji wenye njaa kwamba kwetu kuna chakula.

Askari wanne waliingia uani wakifuata mdundo. Hawakuwa na habari ya redio hata kidogo. Mjomba alikuwa amekwenda Ubwari kutafuta vipuri, baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, nami nilikuwa chini karibu na ungo. Mkubwa wao, waliyemwita komanda, alikuwa kijana wa macho mekundu.

"Bamama, muleteni sombe," alisema, kwa sauti iliyokaribia upole.

Akachungulia kinu cha mama. Kitupu. Akachungulia cha Mama Zaina. Kitupu. Nilimwona akijaribu kuelewa kwa nini wanawake wawili wanatwanga hewa, na nikaona uso wake ukigeuka alipodhani ameelewa. "Munatufanya bajinga? Mumeficha wapi?" Akakipiga kinu cha mama teke, akakipiga cha Mama Zaina, kisha akakipiga cha bibi. Ungo ukaruka. Redio ikamwagika mavumbini na nyaya zake zote nje, ikatoa maneno mawili zaidi, ikazima.

Neno lililofuata lilisemwa na askari wa nyuma. "Fonie." Fonie ni ile redio ya kuitana ambayo majeshi huwa nayo, na raia aliyekutwa nayo alihesabiwa mpelelezi. Kila mtu Baraka alijua anachofanyiwa mpelelezi. Mama Zaina alitupa mchi na kukimbia. Alipigwa risasi kabla hajafika kwenye ua wa matete, akaangukia juu yake, na matete yakamshika akabaki nusu amesimama. Binti yake Zaina, rafiki yangu, alikuwa ng'ambo ya ua ule. Nilimsikia.

"Unaongeaka na nani?" komanda alimuuliza baba.

"Haiongee, komanda. Inasikia tu."

Waliulaza mkono wake wa kulia kwenye ukingo wa kinu wakaupiga kwa kitako cha bunduki. Nilisikia vidole. Mama alipiga magoti akawa anasema "Yesu" na si neno jingine. Komanda akauliza ni nani aliyeitengeneza, na baba, aliyeshindwa hata kubadilisha betri za tochi bila kuniita, akasema, "Ni mi."

"Basi ifanye iseme. Kama ni ya kusikia tu, tutasikia."

Baba alichukua nyaya kwa mkono wa kushoto. Alizigusanisha hovyo, akazitenganisha, akazigusanisha tena. Jasho lilimdondokea kwenye sahani ya vipuri. Komanda alikoki bunduki, na mimi nikatambaa mpaka pale nikamtoa baba nyaya mkononi. Betri, kipaza sauti, kamba ya nguo. Mikono yangu ilijua. Redio ikakohoa, na mtangazaji akaendelea kusoma matokeo ya mpira wa miguu. Askari mmoja aliuliza nani ameshinda. Sifanyi mzaha. Mama Zaina alikuwa bado ananing'inia uani, naye aliuliza nani ameshinda.

Komanda alicheka, akashusha bunduki, na kwa pumzi moja nilidhani nimemwokoa baba. Kisha akanitazama kwa namna mpya.

"Fonie yetu ilikufa tangu juzi. Tutapanda na huyu mutoto ku Fizi."

Mama alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa kiumbe yeyote. Wote tulijua yaliyowapata wasichana waliopandishwa milimani. Baba alisimama, mkono wake umeshavimba.

"Komanda, huyu mutoto hajui kitu. Anarudilia tu kile nilimufundisha. Mi ni mwalimu, uliza Baraka yote."

"Mbona umeshindwa?"

"Bidole, komanda. Si mumebivunja? Bitapona."

Yule kijana alifikiri. Mwanamume angeweza pia kubeba mzigo. Akaashiria baba afungwe kamba kiunoni. Baba aliomba aniage, akaruhusiwa, akainama kama wa kunibusu. Mdomo wake ulikuwa sikioni mwangu, na alinong'ona haraka, kwa sauti ya mwanafunzi anayeomba msaada mtihani ukiwa umeanza:

"Waya nyekundu inaendaka wapi?"

"Kwa betri," nilimwambia, "upande wenye kichwa."

"Na nyeusi?"

Walimvuta kabla sijajibu.

Jioni hiyohiyo walimkamata Baba Zaina ziwani, wakamtwisha masanduku ya risasi, bila yeye kujua kwamba mkewe ameshafunikwa kanga. Alitoroka baada ya siku chache, akashuka kwa njia za mbuzi na miguu imechunika. Alikuta kaburi moja, nasi tukamweleza. Kisha akakaa kwenye mkeka wetu naye akatueleza ya kwetu. Alisema waliiweka fonie juu ya jiwe, baba akaifungua kwa mkono mmoja, akaiinamia muda mrefu. Alikuwa akitafuta waya mwekundu. Ndani mle nyaya nyekundu zilikuwa nyingi. Alichagua mmoja, akauunganisha, kimya. Akachagua mwingine. Walimwachia mpaka asubuhi, na asubuhi walimpiga risasi akiwa bado ameushika. Mjomba Lwaboshi aliposikia, alilitupa gunia lake ziwani na hakugusa tena msumari wa moto mpaka alipokufa kwa homa uhamishoni. Baba hatukumzika. Nilimchukia komanda, nikamchukia mjomba, nikamchukia mtangazaji wa mpira, lakini aliyebaki nami miaka yote ni yule mtoto aliyesema tujenge.

Leo nina duka la kompyuta Baraka, umeme wake ni wa jua. Barabara ya Uvira inapitika wiki nyingi, ingawa si zote, na watoto wanaokuja dukani hawakimbii wanaposikia mlango ukijibamiza. Wao wana swali moja tu: wanunue iliyokamilika, au niwatafutie vipuri tuifunge wenyewe? Wanabishana kwa furaha, wanapigana vikumbo, na mimi husikiliza bila kuingilia, kwa sababu ni jambo zuri mno kubishania kitu kama hicho bila mtu kufa. Nawaambia faida za yote mawili. Lakini nina sharti ambalo wanafunzi wangu wa kazi wanalicheka. Hakuna anayetoka na mashine, ya boksi au ya kufunga, kabla sijaifungua mbele yake na kumwonyesha kila waya, unatoka wapi na unafika wapi, mpaka yeye mwenyewe anirudishie maelezo yale.

Mwezi uliopita alikuja mwalimu mmoja, mzee wa kuelekea kustaafu, akachagua ya boksi. Nilipochukua bisibisi alikunja uso. "Mama, mi nataka tu iwake," alisema. "Hayo mengine ni ya batoto. Itachukua muda."

Nilimvutia kiti, nikamwambia akae. Muda ninao.