Matanga Nyuma ya Sikio

Mjukuu wangu anasoma udaktari hapa Kisangani. Juzi alinichorea kichwa cha mtu juu ya karatasi ya kufungia sukari, akatia nukta ndani kabisa, usawa wa sikio.

"Koko, hapa kuna kitu kidogo kama punje ya karanga. Hofu inapikwa humu."

"Nani anaipika?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Ukianza kumfundisha mtu, mfikishe mwisho.

Basi akaeleza. Ndani ya ile punje kuna seli, na hazifanani. Kuna zile kubwa, kazi yao kupeleka habari mbele: hatari, hatari! Kuna ndogo za kuzinyamazisha zile kubwa. Halafu kuna ndogo zingine, hizo zinawanyamazisha wanyamazishaji, na hapo kelele inapita mpaka mwili wote unasikia. Hakuna hata moja inayofanya hofu peke yake. Zimeshikana, hii inagusa ile.

"Bon," nikamwambia, "hiyo iko matanga." Kwenye matanga mfiwa anapiga kilio. Wamama wa pembeni wanamwambia, nyamaza, tosha. Halafu anaingia mama mmoja mukali, anawageukia hao wamama: "Ninyi ndio mnyamaze, mwacheni alie!" Kilio kinatoka mpaka barabarani.

Akaniangalia. "Koko, profesa wetu alitumia asubuhi nzima kueleza hiyo."

"Aje kwenye matanga. Hatulipishi."

Mimi shule niliacha mapema, nilipojua kusoma na kuandika. Lakini punje hiyo ninaijua. Ilinitawala nikiwa msichana wa miaka kama kumi na miwili, wakati Wabelgiji walikuwa bado hapa na mji ulikuwa na jina lao.

Tulikuwa tunapanda mto kutoka Yanonge, papa na mimi, mtumbwi umejaa samaki wa moshi. Meli ikatokea nyuma yetu, ikapiga king'ora. Papa akataka kuikimbia, na hilo lilikuwa kosa. Wimbi likatupiga ubavuni, mtumbwi ukageuka, nikabaki chini yake gizani, maji mdomoni. Papa alinivuta kwa nywele. Samaki wote walirudi kwao mtoni.

Tangu siku hiyo, king'ora kikilia, mimi nilikuwa mti. Magoti yanakaza, mikono inakaza, macho yako wazi lakini siangalii kitu. Hata treni ya ng'ambo, rive gauche, ikipiga firimbi, nilikuwa vile vile. Wasichana wa mtaani walifurahi sana. Meli ikilia walikuja mlangoni: "Inakuita! Jibu!"

Mama alinihurumia. Akanitia pamba masikioni. Siku ya meli alinituma shamba, mbali na mto. Nikawa siendi pwani ya mto kuosha hata sahani moja. Hata sisi watu wa mto, mtoto akiungua, hatumpeleki tena karibu na moto, tunaona ndio mapendo. Na kila siku hofu yangu ilinenepa.

Mwishoni papa akasema: msichana asiyepanda mtumbwi, hapa atakula nini? Aende Yahuma kwa tonton, kaka ya mama yangu, akalime muhogo. Huko hakuna meli. Tonton atapita kunichukua mwezi ukiandama. Nililia. Jembe halinitishi, lakini mto ulikuwa wangu.

Ndipo akaja shangazi yangu kutoka Yanonge, dada ya papa, mwanamke mufupi mwenye mabega ya mwanaume. Akamkuta mama anatengeneza pamba.

"Wifi, wewe unapikia hofu ya mutoto chakula kila siku, halafu unashangaa inakaa kwako?"

Akatupa pamba motoni. Akanishika mkono mpaka pwani, akanikalisha ndani ya mtumbwi uliofungwa kwa kamba kwenye mti. Akakaa mbele yangu, akaanza kumenya ndizi.

"Shangazi, meli inakuja."

"Ije. Iko na njia yake. Wewe menya."

Ikapiga king'ora. Siku hiyo nilitapika juu ya ndizi. Shangazi akaziosha kwa maji ya mto, akanirudishia kisu. "Menya." Meli iliyofuata, kisu kilinianguka tu. Iliyofuata tena, nilikaza, lakini niliweza kuhesabu vidole vyangu. Kila mara wimbi lilikuja, mtumbwi ulicheza, wimbi likaenda. Hakuna aliyekufa. Kisha shangazi akalegeza kamba kidogo, kesho yake kidogo tena. Akanifundisha: wimbi usilikimbie, ligeuzie mdomo wa mtumbwi, lipande.

Mwezi ukaandama. Tonton alifika na baiskeli yake ng'ambo, akatuma habari: mutoto aletwe na nguo zake. Mama akafunga furushi. Papa akachukua kasia. Shangazi akamnyang'anya, akanipa mimi.

"Anayesafirishwa ndiye anapiga kasia. Mimi nitakaa mbele kama mgonjwa."

Papa alibaki pwani. Tulifika katikati ya mto, na meli ikatokea. Ikapiga king'ora.

Mikono yangu ilisimama. Nasema ukweli, ilisimama. Nilisikia kile kilio kichwani kinaanza. Shangazi hakugeuka. Halafu kitu kingine ndani yangu kikajibu: tosha, tunaijua hii. Nikachovya kasia, nikageuza mdomo wa mtumbwi, nikalipanda wimbi la kwanza, la pili, la tatu. Maji yakanirukia usoni na mimi nikapiga kelele, ya furaha, mpaka mabaharia juu ya meli wakapunga mikono.

Mjukuu anasema hofu haifutwi. Seli inayolia haikufa. Zingine ndizo zilijifunza kuikata sauti kabla haijatoka mlangoni. Ninamwamini. Mpaka leo king'ora kikilia, shingo inasisimka. Inasisimka, na mimi naendelea kumenya.

Tonton alikuwa amesimama rive gauche, ameona yote. Akashika mdomo wa mtumbwi, akaniangalia mimi, akamwangalia shangazi.

"Nani ameleta huyu?"

"Yeye ndiye ameleta mimi," shangazi akasema, akimpa fungu la samaki wa moshi. "Chukua, hii ndiyo ya safari yako, mutoto anabaki na mto."

Tonton hakubisha. Alifunga samaki kwenye baiskeli, akafunga na furushi kwa mazoea, akapanda, akaanza kukanyaga. Nilikuwa nimeshageuza mtumbwi.

"Tonton! Nguo zangu!"

Ilibidi arudi nazo mpaka majini, viatu mkononi.