Koti la Mlimani, Shimanzi

Mombasa, mtu akivaa koti zito watu humcheka. Sisi tuliobeba samaki katika chumba cha barafu cha ghala moja la Shimanzi tulichekwa kila siku. Tajiri wetu hakutupatia makoti. Kila mtu alijitafutia lake kwenye mitumba ya Makupa. Na aliyesikika akikohoa aliambiwa aende akapone kwanza. Akirudi, hukuta mwingine mahali pake.

Mwenzangu, mtu wa bara kutoka chini ya Mlima Kenya, alikuwa ameanza kukohoa. Alikohoa kwa siri, uso ameufunika kwa mkono. Siku moja pale Makupa akachomoa koti la rangi ya udongo, lenye vifungo vya mti na kamba kiunoni.

"Baba alikuwa na hili hili," akasema. "Aliwabebea Wazungu mizigo mlimani, mmoja akamwachia. Alilala nalo kwenye theluji."

Mimi niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nasoma chochote chenye maandishi. Lebo ilikuwa na picha ya wanaume wenye ndevu, wamebeba kamba mabegani. Nikamsomea: koti la siku hizi, lililoshonwa kwa mtindo wa wapanda milima wa zamani.

"Si lile, bwana. Limeigwa tu."

"Wewe umezaliwa kwenye joto, utajua nini cha koti?"

Akalinunua. Halikumpa joto, kifua kikazidi. Nikampeleka Mji wa Kale kwa fundi cherehani, mzee wa Kihindi anayeshona kanzu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Kumeanguka theluji Mombasa?"

Akafumua bitana. Ndani mlikuwa na sponji nyembamba kuliko chapati.

"Hili la kupigia picha," akasema. Akakata blanketi la sufu, akalishonea ndani.

Sasa koti likawa na joto kweli. Lakini kazi yetu ilikuwa kuingia na kutoka. Kila tulipotoka, hewa ya pwani iligeuka maji juu ya kitambaa kile baridi, blanketi likayanywa. Tukirudi ndani, likaganda. Baba yake hakutoka kwenye theluji akaingia jua la Shimanzi, akarudi tena, kutwa nzima. Nikamwambia alivue akiwa nje.

"Nikivua natetemeka. Nyapara ataona."

Hakulivua. Alikufa hospitalini kabla mvua hazijaisha. Walisema mapafu.

Kaka yake alikuja kuchukua maiti. Nilikuwa nimelianika koti juu ya paa mpaka likakauka kabisa. Akaligeuzageuza, akavishika vifungo vya mti.

"La baba," akasema. "Kumbe alikuwa nalo yeye."

Sikumsomea lebo. Kule kwao, kwenye baridi kavu, na lile blanketi la fundi ndani, huenda likamfaa.

Akalivaa pale pale mlangoni mwa mochari, jua la saa saba. Walinzi wakaanza kumcheka.