Ngozi ya Ndama

Hadi leo sinywi maziwa kabla sijayanusa. Wajukuu wananicheka, wanadhani naangalia kama yamechacha. Nawaacha wacheke. Mazoea haya niliyapata katika kijiji kipya, mwaka ule tuliohamishwa, na si jambo la kuwaeleza watoto wakiwa wanakunywa chai.

Kabla ya kuhama tulikaa upande wa Kinyangiri, tembe letu peke yake na zizi letu peke yake. Mama mkwe ndiye aliyetawala maziwa. Hakuruhusu mtu agombane karibu na zizi wakati wa kukamua, maana ng'ombe mwenye hofu huyabana maziwa, na hata ukiyapata yanakuwa mepesi, hayana mafuta. Ndama alitangulizwa kunyonya kidogo ili mama yake ayaachie, kisha akavutwa pembeni. Vibuyu alivisugua ndani kwa kijinga cha moto cha mti aliouchagua mwenyewe, na ukinywa unausikia ule moshi. Nilimwogopa yule mama, lakini kwa maziwa hakuwa na mpinzani.

Tulihamishwa kiangazi. Lori lilichukua vyombo, paa la tembe likabomolewa tusije tukarudi, na ng'ombe wakaswagwa kwa miguu hadi kijiji kipya kando ya njia ya Iguguno. Nyumba zilipangwa kwa mistari, jirani akikohoa unamsikia. Malisho ya karibu yaliisha upesi. Ng'ombe wakawa wanakwenda mbali kufuata maji, wanarudi na vumbi hadi kwenye kope, viwele vimesinyaa. Bwana mifugo alikuja na baiskeli, akatueleza kwamba maziwa ni majani, maji na chumvi. Alisema kweli tupu. Ila majani na maji tulikuwa tumeyaacha kule tulikotoka, na yeye hakuwa na namna ya kutuletea kwa baiskeli.

Binti yangu alikufa katika kijiji kile, kwa homa, bado ananyonya. Alikuwa mtoto wangu wa kwanza. Baada ya maziko nilijifunga kanga kifuani, nikaikaza hadi nikapumua kwa shida, ili maziwa yakauke. Usiku yalilowesha kitanda, na mimi nikalala ndani yake nikiwa na hasira na mwili wangu wenyewe, kwamba haukuwa umeelewa.

Maziwa hayajaisha vizuri, wifi yangu, dada ya mume wangu, akafa akijifungua. Mtoto wa kiume alibaki. Baba yake alikuwa kibarua mkongeni Tanga, kwa hiyo bibi yake, yule mama mkwe wangu, akamchukua, akaja naye nyumbani na kunikabidhi.

"Mwanangu, wewe bado una maziwa."

"Maziwa haya yana mwenyewe, mama," nikamwambia. Nikatoka nje.

Watu wanaweza kunihukumu wapendavyo. Sikuweza kumgusa. Mume wangu alijaribu kunisemesha, mama yake akamkataza. Mtoto akawa ananyweshwa kwa kijiko maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na kuongezwa maji, na ng'ombe aliyekuwa bado anatoa maziwa ya maana alikuwa mmoja tu, mwekundu, mwenye ndama mchanga. Uhai wa yule mtoto ulining'inia kwenye kiwele kimoja, na sote tulijua.

Kisha ndama akafa. Asubuhi yake ng'ombe hakutoa hata tone. Alipiga teke kibuyu, akageukia mlango wa zizi na kulia.

Mama mkwe hakupoteza muda. Alimchuna ndama, ngozi akaipaka chumvi na majivu na kuianika, kisha akaishona na kuijaza nyasi kavu. Mimi ndiye niliyemshikia. Ilipotimia aliisimamisha kwa vijiti mbele ya ng'ombe, naye akachuchumaa kukamua. Ng'ombe akanusa. Akaanza kulamba, kwanza kichwa, halafu mgongo, na maziwa yakashuka, nikayasikia yakigonga ndani ya kibuyu.

Wote walifurahi. Mimi niliogopa, kwa sababu nilikuwa namtazama ng'ombe. Alilamba kila mahali, lakini ulimi ulipofika kwenye mshono wa tumbo aliuruka. Kesho yake vivyo hivyo, na siku zilizofuata. Nilielewa kwamba hakudanganyika. Alijua kilichokuwa ndani, na maziwa akayatoa hivyo hivyo. Nikawa siendi tena zizini. Hata nikiwa jikoni nilihisi ile ngozi imesimama nyuma yangu.

Mvua za kwanza ziliponyesha ngozi ililowa ikatoa harufu, na mbwa wa kijiji, waliokuwa wengi kwa sababu watu tulikuwa wengi, wakaiburura na kuirarua. Tulikuta nyasi zimetapakaa uani. Ng'ombe alizinusa, akajilaza, na tangu hapo kiwele kikafunga. Majirani nao hawakuwa na cha kutugawia. Mtoto alipewa uji mwepesi akautapika. Jioni ya pili hakulia tena, alifungua tu mdomo.

Nilikuwa nimekaa mlangoni na mgongo kwa nyumba. Mama mkwe akaja kutoka nyuma, akaniwekea mtoto mapajani kabla sijageuka. Alikuwa amemfunika gubigubi kwa kitambaa.

Nilijua kabla sijakitazama. Kilikuwa kitambaa cha binti yangu, alicholalia hadi siku ya mwisho. Nilidhani tumemzika nacho. Kumbe yule mama alikificha, na hakukifua. Harufu ilikuwa yake, jasho la shingo yake na maziwa yangu yaliyoganda. Kifua kikanichoma, kanga ikalowa, na mikono yangu ikaifungua yenyewe.

Mtoto alinyonya huku nalia. Nilipoweza kusema, nikasema, "Mama, umenifanyia nini hiki? Umenishonea ngozi."

Alichuchumaa mbele yangu, palepale anapochuchumaa mtu wa kukamua. Naye alikuwa analia, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Nimekushonea," akasema. "Nimezika binti, nimezika mjukuu. Huyu sitamzika. Nichukie tu, lakini nyonyesha."

Nilimchukia miaka mingi, na nilinyonyesha. Maziwa yalikuwa machache mwanzoni, yakaongezeka kadiri mtoto alivyovuta. Kwa muda mrefu nilikibusu kitambaa, nikapapasa miguu na mgongo wa mtoto, lakini uso wake sikuutazama. Nilipitisha macho pembeni, kama ng'ombe yule alivyouruka mshono.

Sasa ni mtu mzima, ana ng'ombe wake na mvi zake. Ananiita mama, na mimi ni mama yake kweli. Akija kunisalimu huniletea kibuyu cha maziwa, kisha huinama nimshike kichwa wakati ananipa shikamoo. Namvuta karibu na kumnusa nyweleni, muda mrefu, mpaka mkewe anatabasamu kwa jinsi bibi kizee anavyompenda mwanawe. Nampenda. Lakini ninayemtafuta pale si yeye, na nadhani anajua, maana hanyanyui kichwa mpaka nimalize.