Konokono Aliyebeba Ukili

Uvumilivu wangu uliniishia mlangoni, hata viatu sijavua. Nilikuwa nimerudi kutoka Chake, kwenye duka ninalouzia vitambaa. Mwanangu wa miaka mitatu kajibanza nyuma ya kabati, mikono masikioni, na kwenye televisheni mwanamme mzima anamchinja mwenziwe. Bibi yangu, aliyenilea miye na sasa ananilelea mwanangu, kakaa mkekani anasuka ukili, mgongo kaipa televisheni, hana habari. Aligeuka, akatazama, uso ukamsawijika. Akaninyooshea rimoti kama mtu anayerudisha amana ya watu.

"Chukua mwanao, mjukuu wangu. Nimebonyeza mpaka nikaliona lile duara, nikajua ndiyo yenyewe ya watoto. Miye nshaanza kupotea akili. Usiniachie tena mtoto."

Hapo nikapasuka. Lakini si kwa bibi.

Wewe uliyekulia Vitongoji, hapa Pemba, wakati wangu unaijua nyumba ninayotaka kuisema. Televisheni ilikuwa kwa jirani yetu mmoja tu, na msimu wa karafuu jirani huyo hakumruhusu mtoto aangalie huku mikono imelala. Alasiri tukitoka chuoni kusoma Kurani tunakuta karafuu zimemwagwa jamvini katikati ya ukumbi, mbichi, na harufu imeshika mpaka mapazia. Tunazunguka jamvi, tunachambua: karafuu huku, vijiti vyake, yaani makonyo, kule, macho juu. Vidole vinakuwa vyeusi na vichungu, ukijisahau ukapangusa jicho unalia na wenzio wanakucheka. Jirani mwenyewe hupita na sinia la mihogo ya kuchemsha, anatupigia kelele: "Keshatoka huyo! Mikono inakwenda au inaangalia nayo?"

Aliyetoka ni konokono. Chaneli ile ya watoto ilikuwa na konokono kwenye pembe ya kioo, anapanda taratibu kutoka chini, akifika juu anatikisa pembe zake mbili, na katuni zinaanza. Tulikuwa tunamshangilia yeye kuliko katuni zenyewe.

Siku moja bibi alikuja kunichukua. Akasimama mlangoni, akamuona, akacheka mpaka akashika ukuta. "Huyo naye kabeba ukili wake mgongoni, anaupeleka wapi?" Na kweli. Ukili ukishasukwa mrefu huviringwa, duru juu ya duru, mpaka utoshe kushonwa mkeka. Gome la yule konokono lilikuwa ukili mtupu. Tangu siku ile kwa bibi ile ikawa televisheni ya ukili, na nyumbani kwetu tuliponunua televisheni yetu, alibonyeza rimoti mpaka auone ukili wake, basi, anajua mtoto yuko salama. Bibi anasoma msahafu bila ya kukwama, lakini herufi na namba za kizungu hakufundishwa. Alama ile ndiyo ilikuwa maandishi yake.

Nilipokuwa kidato cha pili wenye chaneli wakamuondoa konokono. Pembe hakuna, uso hakuna, limebaki gome tu limesimama pale kama kitu kilichosahauliwa. Nilinuna. Bibi akasema, "Mwenyewe kafa, lakini ukili upo." Tukaendelea.

Mwaka huu wamefuta na duru. Limebaki duara jekundu, tupu, na herufi moja ndani. Na chaneli ya filamu za mapigano nayo ina duara jekundu na herufi moja ndani. Sasa niambie wewe, mtu anasimama kwenye duara gani?

Sielewi. Nimekaa nikafikiri, sielewi. Kaharibu nini konokono? Nani alilalamika kwamba amemchoka? Na kinachonivuruga zaidi ni kwamba hata miye siko imara. Nakumbuka gome la kijani na zambarau, kama miyaa anayosukia bibi, iliyotiwa rangi. Kaka yangu anaapa lilikuwa manjano. Nikamuuliza jirani, yule yule mwenye televisheni, akaniangalia kwa huruma: "Mwanangu, konokono gani? Si alikuwa kobe yule?" Nimetafuta kwenye simu mpaka chaji ikaisha, sikupata hata picha moja. Basi nani aliyepotea hapa, bibi au sisi sote?

Lakini bibi anaamini ni yeye. Siku hizi haingii ukumbini televisheni ikiwa imewashwa. Mtoto anamvuta kanga akacheze naye, yeye ananiangalia miye kwanza, kama anaomba ruhusa. Juzi alikuwa anampa maji, akauliza, "Nimpe?" Mwanamke aliyelea watoto wa nyumba nzima ananiuliza ampe mtoto maji! Nikavaa buibui nikaenda Chake, kwenye ofisi ya wakala wa king'amuzi.

Kijana wa mezani akanisikiliza, akatabasamu. "Dada, hiyo ndiyo ya kisasa."

"Kisasa cha nani?"

"Cha dunia nzima, dada."

"Na bibi yangu anaishi wapi? Mwezini?"

Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni akasema, "Mwambie, mwanangu, na hii rimoti yao vile vile." Kijana akaacha kutabasamu. Akanipa karatasi, akasema malalamiko yote yanapelekwa makao makuu yakiwa yameandikwa. Nikakaa pale pale kwenye benchi, nikaandika, akagonga muhuri. Niliandika hivi:

"Nalalamika kwamba mmebadilisha alama ya chaneli ya watoto ikafanana na ya chaneli ya mapigano, na mwanangu ameona mambo asiyopaswa kuyaona. Naomba mrudishe konokono. Kama alikuwa kobe, rudisheni kobe. Mkishindwa, rudisheni zile duru tu, zinatosha. Na mkishindwa hilo pia, basi mtume mtu Vitongoji, akae mkekani na bibi yangu, amwambie kwa kinywa chake kwamba yeye hajapotea. Miye nimemwambia, hanisadiki."