Gongo la Mkono wa Kushoto

Juma lililopita nilikataa magongo saba, na sijutii hata moja. Ulikuwa ubingwa wa kanda wa mpira wa magongo, wanaume na wanawake, timu zimetoka nchi zote za jirani, na kazi yangu ilikuwa kukagua vifaa. Kila mchezaji husimama mbele yangu na gongo lake kabla ya kuingia uwanjani. Mimi nina pete ya chuma. Gongo likipita ndani ya pete, karibu ucheze. Likikwama, tafuta lingine. Wachezaji huniita Mama Pete wakidhani sijui.

La saba lilikuwa la msichana mmoja mgeni. Alikuwa amelizungushia utepe mwingi pale linapopinda, likanenepa, likakwama. Macho yakamjaa maji. Nikamwambia, "Pole, mami, lakini hii haipiti." Akaliinua kwa mkono wa kushoto akaenda kuazima la mwenzake. Mimi nikabaki na pete mkononi na foleni mbele yangu, na akili yangu yote ilikuwa imeshafika Mweiga.

Nililelewa huko na nyanya yangu. Wewe uliyekulia chini ya milima ya Nyandarua unajua asubuhi za kule, baridi inavyouma masikio na nyasi zinavyolia chini ya miguu. Nyanya akikamua, mimi nilisimama karibu na tumbo la ng'ombe kupata joto, nikisikiliza maziwa yakigonga ndoo. Nikishapeleka maziwa barabarani, nyanya alinitilia viazi viwili vya moto mifukoni mwa sweta, kimoja kila upande. Njiani vilinipasha mikono, na saa nne nilivila.

Shule yetu ilikuwa na uwanja mmoja, na mashine ya kukata nyasi hatukuwa nayo. Tulikuwa na kondoo. Siku mbili kabla ya mechi mwalimu wa michezo alituma watoto wawaite wenye kondoo, na kondoo wakala uwanja mpaka ukawa laini kama mkeka. Kisha sisi wasichana tukaokota mavi kwa mikono, tukicheka. Hakuna uwanja niliokanyaga tangu siku hizo, hata hizi nyasi bandia zinazonyunyiziwa maji, ulionifurahisha kama ule.

Sasa, shule ilikuwa na magongo kumi, na timu ni watu kumi na mmoja. Mwalimu wa michezo, mama mfupi mwenye sauti ya kengele, alitangaza kwamba atakayekuja na gongo lake ndiye wa kumi na moja. Na haikuwa mechi ya mchezo. Tulikuwa tunakwenda Nyeri mjini siku ya Jumamosi, na huko ndiko wangechagua wasichana wa kwenda michezo ya shule za Afrika Mashariki. Niliitaka nafasi hiyo mpaka nikakosa hamu ya kula, na mimi si mtu wa kukosa hamu ya kula.

Nyanya alivaa kitambaa chake cha kanisani, akavuka ua kwenda kwa jirani. Jirani alikuwa mzee wa kuchonga mipini. Jembe, shoka, panga, kila mpini ulioshikwa katika kilima chetu ulitoka mikononi mwake, na alichonga kwa tezo kisha akalainisha kwa kipande cha chupa. Alikuwa na msemo mmoja tu maishani: "Mti unapunguza, huongezi." Aliusema kwa mti, aliusema kwa maneno, na mara moja aliusema kwenye harusi watu wakanyamaza.

Hakunipima wala kuniuliza lolote. Siku moja alikuja akaketi kwenye gogo akanitazama nikipasua kuni. Siku nyingine akasimama kwenye ua wa shule akatutazama tukicheza. Siku ya Jumatano alileta gongo la mutamaiyu, ule mti mgumu unaoshinda shoka, limepakwa mafuta na kunukia moshi.

Nililishika, na mikono ikatulia yenyewe. Lazima ujue kwamba gongo la mchezo huu lina upande bapa wa kupigia mpira na upande wa mviringo, na magongo yote ya shule yalikuwa na bapa upande wa kushoto. Mimi napasua kuni kwa kushoto, nafyeka kwa kushoto, na magongo yale yalikuwa yakinisumbua. Mzee aliliona hilo. Alikuwa ameshachongea watu wa kushoto mipini mingi, basi akaliwekea gongo langu bapa upande wa kulia. Nilidhani dunia hatimaye imenikumbuka.

Alhamisi mwalimu aliligeuza mara moja tu.

"Hii nani ametengeneza?"

"Guka wa jirani." Guka ni babu, na ndivyo tulivyomwita mzee yule.

"Mwambie asante. Lakini hii mchezo haiko na gongo ya kushoto. Hakuna. Dunia mzima hakuna."

Nilirudi nyumbani nikilia bila aibu, viazi vimepoa mfukoni. Mzee alikuwa kwetu akinywa chai. Nyanya akanitazama, akamtazama jirani yake, akamwambia aniulize mwenyewe.

"Ati hakuna ya kushoto?" mzee alisema baada ya kunisikiliza. "Na watu wa kushoto wanacheza na nini?"

"Wanacheza na ya kulia, Guka."

"Hiyo sheria ilitengenezwa na mtu hajawahi kushika shoka."

Lakini alichukua tezo yake. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Alikuwa ameacha mti mnene, kwa hiyo kulikuwa na nafasi ya kuhamisha bapa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Jioni hiyo na kesho yake yote nilisikia chupa ikikwaruza. Pale linapopinda kulikuwa na fundo la mti, na hapo alisimamisha mkono. "Hapa nikipunguza tena itakuvunjikia," alisema, akanipa. Ukilitazama vizuri uliona uvimbe mdogo upande wa kulia, mabaki ya gongo lile la kwanza.

Nyeri mjini tulipanga foleni mbele ya refa, mama mrefu mwenye kofia nyeupe. Alikuwa na pete ya chuma, na sijawahi kuogopa chuma namna ile. Magongo ya wenzangu yakapita moja baada ya jingine. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nyanya na mzee walikuwa wamesimama kando ya uwanja katika makoti yao ya kanisa, mzee amevua kofia.

Refa akalipokea langu. Akalipima uzito, akalipitishia kiganja kutafuta vibanzi. Kidole gumba chake kikafika kwenye uvimbe, kikasimama hapo. Akainua macho akawaona wale wazee wawili. Kisha akaitia pete mfukoni.

"Huyo mzee anajua mti," alisema. "Enda ucheze."

Nilidhani ana haraka, kwa kuwa timu nyingine ilikuwa imeshaingia. Nikacheza. Na huko ndani niligundua kitu ambacho mwalimu alikuwa akikisema siku zote bila mimi kumsikia, kwamba katika mchezo huu mkono wa kushoto ndio ulio juu, ndio unaogeuza gongo. Wenzangu walifundishwa mkono huo. Mimi nilizaliwa nao. Tulifungwa mawili kwa moja, na hilo moja lilikuwa langu. Nyanya aliniambia kwamba mzee hakuutazama mpira hata kidogo, alitazama gongo, na kila nilipopiga alifumba macho akisubiri livunjike. Halikuvunjika. Nilichaguliwa, na mengine yote niliyoyapata katika mchezo huu, jezi ya taifa na hii kazi ya pete, yalianzia pale.

Jumapili fainali zilikwisha, Jumatatu nikapanda Mweiga. Nyanya hayupo, mzee hayupo, na katika kilima kile sijui kama yupo mtu anayeweza kukuchongea mpini. Inanunuliwa dukani, inavunjika, inanunuliwa tena. Uwanja wa kondoo sasa una madarasa mapya, jambo jema, lakini nilitafuta mahali pa goli nikapakosa. Magongo ya mti nayo yamekwisha. Nawahurumia watoto ambao hawajui harufu ya moshi katika kitu chao cha kuchezea.

Gongo langu bado liko juu ya mlango wa jiko la nyanya. Nililishusha, nikapangusa masizi. Pete ilikuwa mkobani mwangu, na kwa miaka yote hii sikuwahi kulipima. Nilianzia kwenye mpini, nikaishusha pete taratibu. Ilishuka vizuri mpaka kwenye fundo, ikakwama. Nikazungusha, nikasukuma. Ikakwama.

Nilikaa kwenye kigoda cha nyanya nikacheka, halafu nikalia kidogo. Usinielewe vibaya, yule msichana mgeni akija tena na utepe wake nitamkataa tena, sheria ni sheria. Lakini siku ile Nyeri, mbele ya wazee wale wawili, mimi Mama Pete ningemrudisha nyumbani yule mtoto wa Mweiga, na leo nisingekuwa mtu wa kushika pete.

Nililirudisha juu ya mlango, uvimbe ukitazama nje. Pete nikaitia mfukoni.